Opera na Istilahi Zake: Neno la Kuazima, Kazi ya Nyumbani

Utangulizi

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili aya moja fupi inayomhusu Giuseppe Verdi na opera yake Aida. Tulitaraji kwamba ugumu ungekuwa katika majina ya watu na ya mahali. Haikuwa hivyo. Ugumu ulikuwa katika neno lenyewe "opera". Mwanafunzi mmoja aliandika "mchezo wa nyimbo", wa pili "tamthilia ya kuimbwa", na wa tatu "taarabu ya Kizungu". Wa nne alilijua neno hilo kutokana na runinga tu, akaandika "mchezo wa kila jioni". Tulipoanza kuzijadili tafsiri hizo, mmoja wao alisema kwa kukata tamaa: "Mwalimu, tunajisumbua bure. Mambo kama haya hayana Kiswahili chake."

Kauli hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika makala hii. Hapa Uganda, ingawa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, bado wapo wengi wanaokiona kuwa ni lugha ya sokoni na kambini, isiyoweza kubeba mambo mazito. Tuna makusudio mawili. Kwanza, kueleza opera ni nini na istilahi zake za kawaida zina maana gani. Pili, kuonyesha kwamba shaka ya mwanafunzi wetu si ngeni duniani. Wafaransa, Wajerumani na Wacheki walikuwa nayo kabla yetu kuhusu lugha zao wenyewe, na opera ndiyo iliyowalazimisha kuitafutia jibu.

Maana ya neno

Opera ni tamthilia ambayo maneno yake yote, au sehemu yake kubwa, huimbwa jukwaani yakifuatana na orkestra. Ina wahusika, msuko wa matukio, maleba na mandhari kama tamthilia nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba mhusika wa opera anapoomba, anapokasirika au anapokufa, hufanya hivyo kwa kuimba. Wimbo haupo kama pambo la kupumzisha watazamaji, bali ndio unaoisukuma hadithi mbele.

Neno lenyewe ni la Kiitaliano, nalo lina maana ya "kazi". Asili yake ni Kilatini. Zamani Waitaliano walisema "kazi iliyotiwa muziki". Kwa kuzoea wakakata maneno ya mwisho, ikabaki "kazi" tu. Kwa hiyo neno ambalo wanafunzi wetu waliliogopa halina fumbo lolote katika lugha lilikotoka. Ama zile tamthilia za kila jioni ambazo kwa Kiingereza huitwa "opera za sabuni", hizo zilipata jina lake kwa mzaha huko Marekani katika miaka ya 1930, kwa kuwa michezo ya redio ya aina hiyo ilidhaminiwa na makampuni ya sabuni. Hazina uhusiano mwingine na opera tunayoizungumzia.

Chimbuko: ugomvi juu ya maneno

Opera ilizaliwa katika mji wa Florence, Italia, mwishoni mwa karne ya 16. Katika miaka ya 1570 na 1580 kikundi cha wasomi, washairi na wanamuziki kilikuwa kikikutana nyumbani kwa mtukufu mmoja aliyeitwa Giovanni de' Bardi. Miongoni mwao alikuwamo Vincenzo Galilei, mpiga ala na baba wa mwanasayansi Galileo. Watu hawa walikuwa na lalamiko moja kubwa. Muziki uliotukuzwa wakati huo ulikuwa wa sauti nyingi zilizosukwa pamoja. Sauti moja ilikuwa mwanzoni mwa sentensi, nyingine katikati, na nyingine imekwisha kuimaliza. Muziki ulipendeza, lakini maneno hayakusikika. Yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya kanisa kwaya ikiimba wimbo wa aina hiyo anajua wanachokisema.

Mwaka 1581 Galilei alichapisha kitabu kinacholinganisha muziki wa kale na wa wakati wake, akidai kwamba Wayunani wa kale walizigusa nyoyo za watu kwa sababu waliimba kwa sauti moja iliyofuata maneno. Wenzake waliamini kwamba tamthilia za Kiyunani ziliimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kujaribu kuufufua utaratibu huo, wakazua kitu kipya kabisa. Jacopo Peri alitunga Dafne, iliyoonyeshwa mwaka 1598, lakini sehemu kubwa ya muziki wake imepotea. Opera ya kwanza ambayo muziki wake tunao hadi leo ni Euridice, ya Peri huyo huyo na mshairi Ottavio Rinuccini. Ilionyeshwa tarehe 6 Oktoba 1600 katika sherehe za ndoa ya Maria de' Medici na Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa. Hadithi yake ni ya Orfeo, mwimbaji aliyekwenda kuzimu kumwomba mfalme wa wafu amrudishie mkewe. Katika masimulizi ya kale mke hupotea mara ya pili njiani, lakini kwa kuwa hiyo ilikuwa siku ya harusi, Rinuccini aliubadilisha mwisho, wote wawili wakarudi salama.

Hapa tunaomba msomaji azingatie jambo moja. Opera haikuanzishwa na watu waliotaka muziki mwingi zaidi, bali ilianzishwa na watu waliotaka maneno yasikike. Mzizi wake ni suala la lugha.

Kutoka kasri hadi mlangoni pa tiketi

Kwa muda wa miaka karibu 40 opera ilikuwa starehe ya watawala. Claudio Monteverdi alionyesha L'Orfeo katika kasri la Mantua mwaka 1607 mbele ya wageni walioalikwa. Mambo yalibadilika mwaka 1637, pale ukumbi wa San Cassiano ulipofunguliwa mjini Venice kwa mtu yeyote mwenye uwezo wa kulipa kiingilio. Hapo ndipo alipojitokeza impresario, yaani mfanyabiashara anayekodi ukumbi, anayeajiri waimbaji na anayebeba hasara watu wasipokuja.

Na hapo ndipo libreto ilipopata umaarufu. Neno hili lina maana ya "kijitabu". Ni maandishi ya maneno yote yanayoimbwa katika opera, na huko Venice yalichapwa na kuuzwa kwa watazamaji. Walifuatisha maneno hayo ukumbini kwa mwanga wa vijishumaa, na baadhi ya vijitabu vilivyohifadhiwa vina matone ya nta hadi leo. Anayeandika libreto ni mshairi; anayetia muziki ni mtunzi. Mara chache sana wawili hawa huwa mtu mmoja.

Istilahi za msingi

Istilahi mbili muhimu kuliko zote ni rechitativo na aria. Rechitativo ni uimbaji unaokaribia usemaji. Hufuata mwendo wa mazungumzo, ala ni chache, na maneno huenda haraka. Humo ndimo habari zinamotolewa, wahusika wanamogombana, na barua zinamosomwa. Aria maana yake ni "hewa". Ni wimbo kamili wa mhusika mmoja. Hadithi husimama, naye huimba kilichomo moyoni mwake, akirudia maneno machache kwa muda mrefu. Kwa ufupi, rechitativo hujibu swali "Nini kimetokea?" na aria hujibu swali "Amejisikiaje?" Katika karne ya 18 ilikuwa desturi mwimbaji akimaliza sehemu ya pili ya aria arudie ya kwanza huku akiipamba kwa ufundi wake. Maelekezo yake yalikuwa maneno mawili ya Kiitaliano, da capo, yaani "kutoka kichwani".

Waimbaji wawili wakiimba pamoja, hiyo ni dueto. Kundi linalowakilisha wanakijiji, askari au watumwa ni kwaya. Muziki wa ala tupu unaotangulia kabla pazia halijafunguliwa ni uvertura, neno la Kifaransa lenye maana ya "ufunguzi". Orkestra lilikuwa jina la Kiyunani la uwanja wa kuchezea ngoma mbele ya jukwaa. Baadaye likawa jina la wapiga ala wanaokaa mahali hapo. Anayewaongoza huitwa maestro, "bwana mkubwa" au "mwalimu". Mwimbaji mkuu wa kike ni primadona, "bibi wa kwanza", na akisifiwa kupita kiasi huitwa diva, "mungu wa kike".

Ama majina ya sauti, wanafunzi wetu wengi huyatamka kila Jumapili bila kujua kwamba yamefika kutoka Italia: soprano, alto, tena, besi. Soprano ni "ya juu kabisa". Tena ni "inayoshika", kwa sababu katika muziki wa kale wa kanisa sauti hiyo ndiyo iliyoushika wimbo wenyewe na nyingine zikauzunguka. Besi ni "ya chini". Alto huwashangaza watu, kwa kuwa maana yake ni "juu" ilhali ni sauti ya chini ya wanawake. Sababu ni kwamba zamani iliimbwa na wanaume, nayo ilikuwa juu ya tena. Neno limebaki, waimbaji wamebadilika. Kati ya tena na besi ipo baritoni.

Walimu wa sarufi watafurahia istilahi ya mwisho, bravo, ambayo watazamaji humpigia kelele mwimbaji aliyewafurahisha. Katika Kiitaliano neno hili ni kivumishi, kwa hiyo lina upatanisho. Mwanamume huambiwa bravo, mwanamke brava, wanawake wengi brave, na wanaume wengi au kundi la mchanganyiko bravi. Anayempigia mwanamke kelele za bravo katika ukumbi wa Italia amekosea kama anayesema "kiti mzuri".

Je, lugha yetu inafaa?

Opera ilipovuka mipaka ya Italia ilibeba istilahi zake, na kwa muda ilibeba pia lugha yake. Mjini London mwaka 1711 George Frideric Handel, Mjerumani, aliwaonyesha Waingereza Rinaldo kwa Kiitaliano. Wengi walilipa bila kufahamu maneno. Mwaka 1728 John Gay aliwajibu kwa opera ya ombaomba, iliyokuwa kwa Kiingereza. Alichukua nyimbo zilizojulikana mitaani, akazitilia maneno mapya, akaweka wezi na walinzi wa jela mahali pa miungu na wafalme. Iliendelea kwa maonyesho 62 katika msimu wake wa kwanza.

Paris palizuka ugomvi mkali zaidi. Mwaka 1752 waimbaji wa Kiitaliano walionyesha huko kichekesho kifupi cha Pergolesi, na wasomi wakagawanyika makundi mawili. Mwaka uliofuata Jean-Jacques Rousseau aliandika waraka akidai kwamba lugha ya Kifaransa, kwa silabi zake na matamshi yake, haifai kuimbwa, na kwamba Wafaransa hawana muziki wala hawawezi kuwa nao. Ndugu msomaji, hayo yalisemwa kuhusu Kifaransa! Tena yalisemwa na mtu ambaye mwaka 1752 huo huo alikuwa ametunga opera yake fupi kwa Kifaransa, ikaonyeshwa mbele ya mfalme. Opera za Kifaransa zilikuwapo tangu karne ya 17, zikaendelea kuandikwa, na hoja ya Rousseau ikajifia yenyewe.

Vienna nako opera ya heshima ilikuwa ya Kiitaliano. Mozart aliandika Le nozze di Figaro mwaka 1786 katika lugha hiyo. Lakini tarehe 30 Septemba 1791, katika ukumbi wa watu wa kawaida nje ya kuta za mji, ilionyeshwa Die Zauberflöte kwa Kijerumani, mazungumzo yake yakisemwa na nyimbo zikiimbwa. Mozart alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo huo. Leo opera hiyo ni miongoni mwa zinazoonyeshwa mara nyingi zaidi duniani, na hakuna anayeuliza kama Kijerumani kinafaa.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Wacheki. Katika karne ya 19 lugha yao ilionwa kuwa ya wakulima na watumishi, na msomi wa Prague alitarajiwa kuzungumza Kijerumani. Bedřich Smetana mwenyewe alisomeshwa kwa Kijerumani, akajifunza kuandika Kicheki sanifu akiwa mtu mzima. Mwaka 1866 alionyesha Prodaná nevěsta, hadithi ya mapenzi na posa ya kijijini, kwa Kicheki. Wananchi walichanga fedha za kujenga ukumbi wao wa taifa. Ulifunguliwa Juni 1881 na ukaungua Agosti mwaka huo huo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walichanga upya, na mwaka 1883 ukumbi ukafunguliwa tena kwa opera ya Smetana iitwayo Libuše.

Tukizitazama habari hizi pamoja, tunaona kwamba hakuna lugha iliyojitetea kwa hoja pekee. Kila moja ilijitetea kwa kazi. Na hakuna iliyosubiri kuunda istilahi zake zote kwanza. Wajerumani na Wacheki waliendelea kusema aria, libreto na soprano. Walichokifanya kuwa chao ni hadithi, maneno na nyimbo.

Kwetu Afrika

Bara letu halikuwa nje ya historia hii. Tarehe 1 Novemba 1869, siku chache kabla ya kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez, Khedive Ismail wa Misri alifungua jumba la opera mjini Cairo kwa Rigoletto ya Verdi. Aida, yenye hadithi ya binti mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa Misri, ilionyeshwa humo kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1871. Iliimbwa kwa Kiitaliano. Jumba hilo liliungua mwaka 1971, na jipya likafunguliwa mwaka 1988.

Cairo hiyo hiyo ndiyo iliyoleta muziki wa aina nyingine kabisa katika pwani yetu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Taarabu si opera, na mwanafunzi wetu wa tatu alikosea, kwani haina wahusika wala hadithi inayoigizwa. Lakini historia yake inafanana na tuliyoyaeleza. Ilifika na istilahi zake za kigeni. Hata bashrafu, muziki wa ala unaofungua shughuli, ni neno lenye asili ya Kiajemi lililopitia kwa Waturuki na Waarabu, na maana yake ni "kinachotangulia". Ni ndugu wa uvertura. Tena mwanzoni taarabu ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuchuuza vyungu, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri Bombay kurekodi sahani za santuri. Waliosoma wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert wanaijua habari hiyo. Nani leo atasema kwamba taarabu haina Kiswahili chake?

Mahali pengine barani hatua kama hiyo imekwisha kuchukuliwa katika opera yenyewe. Nchini Nigeria, Duro Ladipo alionyesha Ọba Kò So mwaka 1963, kuhusu Ṣango, mfalme wa Ọyọ, kwa Kiyoruba na kwa ngoma zinazosema. Mwaka 1965 ilipelekwa London katika Tamasha la Sanaa la Jumuiya ya Madola. Kiyoruba ni lugha ya toni, hivyo mtunzi hawezi kuupandisha wimbo apendavyo, maana neno litageuka kuwa lingine. Lile agizo la Florence kwamba muziki uyafuate maneno, huko ni sharti la lugha yenyewe. Nchini Afrika Kusini, mwaka 2002, ilionyeshwa mjini Durban opera ya Kizulu iitwayo Princess Magogo kaDinuzulu. Muziki ni wa Mzilikazi Khumalo na libreto ni ya Themba Msimang. Inamhusu binti mfalme aliyekuwa mwimbaji na mtunzi hodari, na nyimbo zake mwenyewe zimo ndani yake.

Hitimisho

Kwa hiyo tunamjibuje mwanafunzi wetu? Tunapendekeza tuyapokee maneno opera, libreto, aria na rechitativo kama yalivyo, kwa tahajia yetu na kwa ngeli zetu: opera hii, opera hizi, libreto hili, malibreto haya. Hayatatusumbua, kwani huishia kwa irabu kama maneno yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Palipo na neno letu, kama kwaya, maleba na jukwaa, tulitumie bila kusita. Lakini tusidhani kwamba tukimaliza orodha ya istilahi tumeimaliza kazi.

Muhula huu tumebadilisha zoezi. Badala ya kutafsiri aya kuhusu Aida, kila mwanafunzi amepewa tamthilia ya Kiswahili aliyoisoma, aonyeshe ni maneno gani yangekuwa rechitativo na ni wapi pangestahili aria, na atoe sababu. Yule aliyesema tunajisumbua bure alichagua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Majadiliano ya wazee na mipango ya vita aliyaweka yote katika rechitativo. Aria aliiweka mwishoni, pale Kinjeketile akiwa kifungoni anapotakiwa kuwaambia watu kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Tulimuuliza kwa nini hapo. Akasema hapo hakuna habari mpya, mambo yote yamekwisha kutokea, na mtu amebaki na neno moja tu ambalo hawezi kulirudisha.

Hakuitafsiri opera. Ameanza kuiandika, na ameianza kwa Kiswahili.